Maneno yaliyobaki bila mahadhi: namna tungo za mtunzi aliyefariki zinavyopata muziki mpya

Mtunzi wa nyimbo anapofariki, kinachobaki hutegemea alichoacha nyuma yake. Aliyerekodiwa huacha sauti, na wanaomfuata wanaweza kumwiga, kumkosoa au kumwendeleza. Asiyerekodiwa huacha karatasi: beti, kiitikio, neno lililokatwa na jingine kuandikwa juu yake. Wimbo wenyewe, yaani mahadhi aliyoyasikia kichwani alipokuwa akiandika, huzikwa naye. Makala haya yanaeleza kinachotokea pale mtu mwingine anapoamua kuyapa maneno hayo muziki mpya, anachohitaji kukijua kabla ya kugusa gitaa, na sheria inasema nini juu ya kazi ya namna hiyo.

Jambo hili linaweza kuonekana kuwa la wasomi na la nyumba za kuhifadhi nyaraka. Kwa wasikilizaji wetu walioko Dzaleka na Lilongwe, hata hivyo, ni jambo la nyumbani. Kambi ya Dzaleka, katika wilaya ya Dowa, ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa na gereza wakati wa utawala wa Kamuzu Banda. Ilikusudiwa watu 10,000 hadi 12,000. Leo ina zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wakifuatwa na Warundi na Wanyarwanda. Miaka 30 inatosha kwa kizazi kizima cha watunzi kuzeeka na kuanza kuondoka. Wajukuu wanaobaki na madaftari yao wamezaliwa Malawi, huzungumza Kichewa sokoni na Kiswahili nyumbani, na mara nyingi hawajui babu aliimbaje.

Mfano wa Woody Guthrie

Kisa kinachojulikana zaidi duniani cha kazi ya namna hii ni cha Mmarekani Woody Guthrie. Alizaliwa Okemah, katika jimbo la Oklahoma, tarehe 14 Julai 1912. Wakati ukame na vumbi vilipowafukuza wakulima wengi mashambani, alizunguka nchi na gitaa lake akiimba habari za vibarua, wahamaji na watu wasio na ardhi. Ugonjwa wa kurithi wa neva uitwao Huntington ulimnyang'anya polepole uwezo wa kupiga gitaa, kisha wa kuandika, kisha wa kusema. Alitumia zaidi ya miaka 10 ya mwisho ya uhai wake hospitalini, na akafariki New York tarehe 3 Oktoba 1967.

Alichokiacha kilikuwa kikubwa kuliko wengi walivyodhani. Katika masanduku yaliyotunzwa na mkewe wa zamani, Marjorie, na wakala wake, Harold Leventhal, mlikuwa na maneno ya karibu nyimbo 3,000. Sehemu ndogo tu ndiyo iliyokuwa imerekodiwa. Guthrie hakuwa na desturi ya kuandika nota za muziki. Aliandika maneno na kuyabeba mahadhi kichwani. Tena, mara nyingi mahadhi hayo hayakuwa yake. Alipenda kuchukua wimbo unaojulikana, wa kanisani au wa mashambani, na kuuvisha maneno mapya. Hata wimbo wake mashuhuri kuliko yote, "This Land Is Your Land", ulijengwa juu ya mahadhi yaliyokuwa yameshaimbwa na kundi la Carter Family. Kwa hiyo aliyefungua masanduku hayo alikutana na maelfu ya nyimbo zisizo na dalili yoyote ya namna ya kuziimba.

Mtu aliyefungua masanduku hayo alikuwa binti yake, Nora Guthrie. Katikati ya miaka ya 1990 alimwendea mwimbaji wa Kiingereza, Billy Bragg, na kumwomba ayape baadhi ya maneno hayo muziki. Ombi lake halikuwa la kumtafuta atakayeimba kama baba yake. Alitaka kizazi kingine kishirikiane naye kana kwamba bado yupo mezani. Bragg alilileta bendi la Wilco kutoka Chicago, na mwaka 1998 wakatoa albamu ya "Mermaid Avenue", iliyopewa jina la mtaa wa Coney Island huko New York ambako Guthrie aliishi na familia yake. Sehemu ya pili ilitoka mwaka 2000 na ya tatu mwaka 2012, miaka 100 baada ya Guthrie kuzaliwa. Jumla ni nyimbo 47.

Kilichowashangaza wengi ni sura ya mtunzi iliyojitokeza. Umma ulimjua Guthrie kama mwanaharakati. Daftarini alikutwa pia mtu wa mapenzi, wa mizaha, mwenye kumwandikia wimbo mwigizaji wa sinema Ingrid Bergman, na baba aliyetunga upuuzi mtamu wa kuwachekesha watoto. Baadaye Nora aliwapa kundi la Klezmatics, linalopiga muziki wa Kiyahudi, maneno mengine, na albamu yao ya mwaka 2006, "Wonder Wheel", ikashinda tuzo ya Grammy. Hapa ndipo penye faida kubwa ya kazi hii, kwa maoni ya mwandishi wa makala haya. Yale yaliyorekodiwa enzi za uhai wa msanii yalichujwa na soko, na siasa, na uchache wa pesa za studio. Daftari halikuchujwa na yeyote.

Si kwamba kila kitu kilikwenda kwa amani. Bragg na Wilco walitofautiana juu ya namna ya kuzichanganya sauti za albamu, hata ziara ya pamoja ikashindikana. Walikuwa na maneno yaleyale mikononi, lakini kila upande ulisikia mtu tofauti ndani yake. Mwenye kuamua angekuwa Guthrie, naye hakuwapo. Wanaoanza kazi ya namna hii wajue mapema kwamba ugomvi huo hauna hakimu.

Wimbo uliopata mahadhi kutoka kwa mwalimu

Kipo kisa kingine cha Guthrie, kidogo kuliko hicho cha kwanza, ambacho kinatugusa kwa karibu zaidi. Tarehe 28 Januari 1948, ndege iliyokuwa ikiwarudisha vibarua wa Kimexico kwao ilianguka katika bonde la Los Gatos, California. Watu 32 walikufa. Taarifa zilizosambazwa ziliwataja kwa majina Wamarekani wanne. Wamexico 28 waliitwa tu "waliofukuzwa nchini". Sisi tunaofasiri habari kila siku tunalijua vizuri jambo hilo: idadi hupita kirahisi kutoka lugha moja hadi nyingine, majina hukatwa kwa sababu ni marefu na hayajahakikiwa.

Guthrie, aliyekuwa New York, aliandika shairi juu ya ukimya huo. Hakulipa mahadhi. Kiasi cha miaka 10 baadaye, alipokuwa hospitalini na hawezi tena kuimba, mwalimu wa shule aitwaye Martin Hoffman alilitungia muziki, mwimbaji Pete Seeger akalisikia na kulieneza, na tangu hapo limeimbwa na wasanii wasiohesabika kwa jina la "Deportee". Hoffman hakuwa nyota. Alifanya kazi moja tu ambayo mtunzi hakuweza kuifanya, na bila mahadhi yake shairi lile huenda lingelala sandukuni. Mwaka 2013, katika makaburi ya Fresno walikozikwa pamoja wale 28, liliwekwa jiwe lenye majina yao yote. Kwa miaka zaidi ya 50 wimbo ndio uliokuwa ukikumbusha kwamba majina hayo yalikuwapo.

Pwani ya Waswahili ilikuwa na njia yake

Msomaji wa Kiswahili anayeshangazwa na kisa cha Guthrie ana haki pia ya kujiuliza: kwani jambo hili ni geni kwetu? Katika ushairi wa pwani, mwenye maneno na mwenye mahadhi wamekuwa watu wawili tangu zamani. Mjini Mombasa, tungo nyingi zilizompa sifa Ustadh Juma Bhalo, mwimbaji wa taarabu aliyefariki mwaka 2014, ziliandikwa na binamu yake, Ahmad Nassir Juma Bhalo. Hakuna aliyeona hilo kuwa ajabu. Shairi lilitungwa, likapelekwa kwa mwimbaji, naye akalitafutia sauti.

Maneno nayo yaliwahi kuwazidi umri wenyewe na kungojea. Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa, alifariki kiasi cha mwaka 1840. Tungo zake ziliishi vinywani na kwenye karatasi, hadi Mwalimu Sikujua bin Abdallah alipozikusanya pamoja na mmishonari W. E. Taylor kuelekea mwisho wa karne ya 19. Diwani yake ilichapishwa Johannesburg mwaka 1940, karne nzima baada ya kifo chake. Kule Lamu, Muhamadi Kijuma, aliyefariki mwaka 1945, alikuwa mshairi, mchonga milango, mpiga gambusi na mwandishi wa hati nzuri za Kiarabu. Alinakili tungo za waliomtangulia na kuwapelekea wataalamu wa Ulaya, na sehemu ya miswada hiyo imo London na Ujerumani hadi leo. Baadhi ya tungo za kale za Lamu zilirudi kuwa nyimbo kwa njia ya udi wa Zein l'Abdin, aliyefariki mwaka 2016, ambaye alijulikana kwa kuzichukua na kuziimba mbele ya watu ambao wengine wao walikuwa wakizisikia kwa mara ya kwanza.

Tofauti kati ya Kijuma na Guthrie ni hii: karatasi ya Mswahili hubeba nusu ya muziki wake. Shairi la kawaida lina mizani 16 katika kila mshororo, nane kwa nane, lina vina vya kati na vya mwisho, na lina kituo. Utenzi una vipande vya mizani nane. Anayejua bahari hizi anajua pumzi inakatika wapi hata kama hajawahi kumsikia mtunzi. Mahadhi yamepotea, ndiyo, lakini alama za miguu yake zipo. Ndiyo maana mahadhi mamoja ya utenzi yanaweza kubeba tenzi nyingi zisizohusiana.

Mahali ambapo sauti ilibaki

Malawi yenyewe inatupa upande wa pili wa jambo hili. Daniel Kachamba, mpiga gitaa mashuhuri kutoka Chileka karibu na Blantyre, alifariki mwaka 1987; muziki wake unasikika leo kwa sababu mtafiti Gerhard Kubik kutoka Austria alianza kumrekodi yeye na nduguye Donald mwaka 1967. Vivyo hivyo kwa nyimbo za Kiswahili za Katanga: Hugh Tracey alimrekodi Jean-Bosco Mwenda mwaka 1952 huko Jadotville, ambayo leo ni Likasi, na mkusanyo wa Tracey unatunzwa Makhanda, Afrika Kusini. Anayetaka kupiga nyimbo za watu hao ana cha kusikiliza.

Evison Matafale, mwimbaji wa rege aliyefariki akiwa mikononi mwa polisi mwezi Novemba 2001, aliacha kitu kingine tena: bendi. Black Missionaries waliendelea kutoa albamu kwa jina lilelile alilolianzisha, "Kuimba", wakiongeza namba kila mara. Wao walikuwa wamekaa naye, wamempigia, wamemsikia akibadili mstari katikati ya mazoezi. Mtunzi wa kambini mara nyingi hakuwa na mtafiti wala bendi. Alikuwa na kalamu.

Kabla ya gitaa: daftari lenyewe

Karatasi za wakimbizi zina maadui wengi. Mwezi Machi 2023 serikali ya Malawi iliwaamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warudi Dzaleka, na kuanzia Mei polisi walianza kuwahamisha kwa nguvu kutoka Lilongwe na kwingineko. Anayefungasha kwa haraka huchukua hati, nguo na sufuria. Anayehamishiwa nchi ya tatu naye hupimiwa mzigo wake, na daftari la marehemu mjomba huonekana zito. Kwa hiyo hatua ya kwanza haina sanaa yoyote ndani yake: kila ukurasa upigwe picha, mbele na nyuma, pamoja na jalada, na picha hizo zitumwe kwa watu walio mahali tofauti. Simu moja haitoshi.

Hatua ya pili ni kuandika upya kile kilichomo, na hapa wengi huharibu kwa nia njema. Hukutana na Kiswahili cha Uvira, Bukavu au Lubumbashi na kukigeuza kuwa sanifu. Jambo hili si la heshima tu, ni la muziki pia. Mtunzi aliyeandika "njo" alihesabu silabi moja. Anayemsahihisha na kuweka "ndiyo" ameongeza ya pili, na mshororo uliokuwa umesimama sasa unachechemea. Aliyeandika "banakuya" alikuwa na sauti ya "ba" mdomoni, na pengine kina chake kinaitegemea. Nakala ya kwanza iwe kama ilivyo, pamoja na makosa, mistari iliyofutwa na maneno ya pembeni. Maneno ya pembeni yana thamani kubwa kuliko yanavyoonekana. Guthrie alikuwa na desturi ya kuweka tarehe na mahali. Mtunzi wetu anaweza kuwa ameandika jina la wimbo wa kanisani, au la kwaya, na hilo likawa ndilo jina la mahadhi aliyoyakusudia.

Kisha kuna swali linalosahaulika kwa sababu ni jepesi mno: je, yupo anayekumbuka? Mjane, dada, mwanakwaya mwenzake, jirani wa zamani ambaye sasa yuko Adelaide au Winnipeg. Mwombe aimbe anachokikumbuka kwenye simu, hata kama ni mstari mmoja na hata kama sauti imechoka. Rekodi ya sekunde 20 ya bibi anayeguna kiitikio inaweza kukuonyesha kwamba ulidhani wimbo wa harusi ni wa maombolezo. Mara nyingine pia itakuonyesha kwamba mahadhi yapo, hivyo kazi yako ni kuyahifadhi na si kutunga mengine.

Kuyasikia maneno

Tuchukue mshororo tuliouunda kwa ajili ya mfano huu tu: "Nimevuka maji mengi, na mzigo si wa mali". Kipande cha kwanza kina mizani nane. Cha pili pia kina nane, lakini kwa anayejua kwamba "m" ya "mzigo" ni mizani kamili inayojitegemea. Mpigaji aliyezoea nyimbo za Kiingereza au Kifaransa huimeza "m" hiyo ndani ya silabi inayofuata, kisha hushangaa kwa nini sauti inakwisha kabla ya maneno ya kipande cha kwanza kulingana na ya pili. Dawa yake ni kuyasoma maneno kwa sauti, bila ala, mara nyingi, hadi mahali pa kuvuta pumzi pajulikane.

Kiswahili kina mkazo ulio karibu siku zote kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na mtunzi wa mahadhi akiheshimu mkazo huo maneno hueleweka hata ngoma zikiwa kubwa. Taarabu huuvunja mara kwa mara kwa kurefusha silabi ya mwisho, na huvunja kwa uzuri. Lakini anayevunja ajue anachovunja. Shida hubadilika maneno yakiwa katika Kirundi, Kinyarwanda, Kifuliiru au Kichewa. Hizo ni lugha za toni, ambamo kupanda au kushuka kwa sauti kunaweza kubadili maana ya neno. Kijana aliyezaliwa Dzaleka akampa shairi la Kirundi la babu yake mahadhi aliyoyapenda, anaweza kujikuta akiimba neno ambalo babu hakuliandika. Hapo hakuna njia ya mkato. Aketi na mzee anayeijua lugha hiyo, amwimbie, na amtazame usoni.

Na si kila tungo ya kambini ina mizani iliyonyooka. Nyimbo nyingi kutoka mashariki ya Kongo zilitungwa kwa ajili ya gitaa na kiitikio cha kuitikiana, mistari mirefu kwa mifupi. Kwa hizo, mtunzi wa mahadhi ana uhuru mkubwa, na hatari kubwa zaidi ya kulazimisha. Kupunguza ubeti ili wimbo uenee redioni ni jambo la kawaida. Kuongeza ubeti wako mwenyewe bila kusema si la kawaida, na halipaswi kuwa.

Nani mwenye wimbo?

Kisheria, wimbo wa namna hii ni kazi mbili. Maneno ni ya mtunzi aliyefariki na haki zake zimepita kwa warithi wake. Mahadhi mapya ni ya aliyeyatunga. Ndivyo zilivyoandikwa nyimbo za "Mermaid Avenue": maneno ya Woody Guthrie, muziki wa Bragg, au wa Jeff Tweedy na Jay Bennett wa Wilco. Mwenye mahadhi hawezi kuutoa wimbo bila ridhaa ya warithi wa maneno, nao hawawezi kumpa mwingine mahadhi yake.

Mkataba wa Berne, ambao Malawi, Kongo, Rwanda na Burundi zote ni wanachama wake, unazitaka nchi zilinde kazi ya mtunzi kwa angalau miaka 50 baada ya kifo chake. Ulinzi huo hautegemei usajili, na daftari ambalo halijachapishwa linalindwa sawa na kitabu. Mkataba huohuo unatambua pia haki ya mtunzi ya kutajwa kwa jina, na ya kupinga kazi yake isipotoshwe kwa namna ya kumvunjia heshima.

Swali ambalo wasikilizaji wanaoishi ukimbizini hujiuliza ni kama haya yote yanawahusu. Jibu limo katika Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951. Kifungu chake cha 14 kinasema kwamba, katika haki za kazi za fasihi, sanaa na sayansi, mkimbizi atapewa katika nchi anayoishi kwa kawaida ulinzi uleule wanaopewa raia wa nchi hiyo. Malawi ilipojiunga na mkataba huo mwaka 1987 iliweka masharti juu ya vifungu kadhaa, vikiwemo vya ajira, elimu ya umma na uhuru wa kutembea. Masharti ambayo kila mkazi wa Dzaleka anayajua kwa mwili wake. Kifungu cha 14 hakimo katika orodha hiyo. Ni ajabu kidogo, na inafaa kusemwa wazi: mtu asiyeruhusiwa kuishi mjini ana haki kamili juu ya wimbo wake.

Chombo kinachosimamia mambo haya ni Chama cha Hakimiliki cha Malawi, COSOMA, chenye makao yake Lilongwe, chini ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2016. Ndiko wasanii wanakojiandikisha ili kukusanyiwa mirabaha nyimbo zao zinapopigwa. Usajili si sharti la kuwa na haki, bali ni njia ya kuidai.

Ugumu uliobaki ni wa familia. Warithi wa mtunzi wa Dzaleka huenda ni watu sita katika nchi nne, mmoja hana hati, mwingine hasemi na mwenzake tangu msiba. Nora Guthrie alikuwa na wakili na ofisi. Hata hivyo, karatasi moja yaweza kutosha kwa kuanzia: jina la mtunzi, orodha ya tungo zinazohusika, jina la anayezipa mahadhi, namna mapato yatakavyogawanywa, na saini za warithi waliopatikana, pamoja na sentensi inayosema kwamba atakayejitokeza baadaye haki yake haijapotea. Iandikwe kabla ya kurekodi. Wimbo usiojulikana hauna wagombanizi. Ukipendwa, wanakuja wote siku moja. Iwapo warithi wanakataa tungo fulani isiimbwe, kwa sababu inamtaja mtu aliye hai au jambo la aibu, basi isiimbwe. Guthrie aliacha 3,000. Mtunzi wako huenda aliacha 40. Zitabaki 39.

Zikishapatikana, pa kuzisikilizisha papo. Tangu mwaka 2014 kambi ina Tamasha la Tumaini, lililoanzishwa na mshairi na mwanamuziki Mkongo Menes La Plume, ambalo huwaleta Dzaleka wasanii na watazamaji kutoka Lilongwe na nje ya nchi kukaa pamoja na wenyeji wao wakimbizi. Na kambi ina redio yake ya jamii, Yetu. Jukwaani na redioni mtangazaji huwa na sekunde chache, na kwa kawaida hulitaja jina la anayeimba, basi. Anayepeleka wimbo wa aina hii ampe mtangazaji karatasi yenye majina mawili, la maneno kwanza na la mahadhi baadaye, na aandike lile la kwanza kwa ukamilifu, jinsi mwenyewe alivyoliandika kwenye jalada la daftari.